Fiat Dino Coupé, Alfa Romeo Montreal au Fiat 130 Coupé: uchukue ipi?

Anayetafuta gari la kale la Kiitaliano kwa kawaida huanza na Ferrari. Akishaona bei hushuka kwa Maserati. Akiona bei tena hujaribu Lamborghini Espada, na akiambiwa gharama ya kufungua injini ya silinda 12 huaga kistaarabu, akaenda zake kununua Mercedes. Makala hii inataka kumwahi njiani kabla hajafika huko. Ngazi moja chini ya majina makubwa kuna magari matatu ya milango miwili ambayo soko limeyapita bila kuyatazama vizuri: Fiat Dino Coupé, Alfa Romeo Montreal na Fiat 130 Coupé.

Yote yalizaliwa kati ya 1967 na 1971. Bodi zao zilichorwa na nyumba mbili kubwa za Torino, Bertone na Pininfarina, zile zile zilizokuwa zikiyavisha magari ya Ferrari na Lamborghini. Yote yana injini za V (silinda zake zimepangwa safu mbili zinazoachana kama herufi hiyo), breki za diski magurudumu yote manne, na mafundi nyuma yao ambao majina yao yameandikwa katika historia ya mbio za magari. Halafu ukaja mgogoro wa mafuta wa 1973. Kuanzia Desemba mwaka huo serikali ya Italia ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili, na baadaye ikapandisha kodi ya ongezeko la thamani hadi asilimia 38 kwa gari jipya lenye injini inayozidi lita 2. Dino ilikuwa imeshaondoka sokoni. Montreal na 130 zilijikokota hadi 1977, wateja wakizidi kupungua.

Kabla ya kulinganisha tukubaliane kwanza tunapima nini, kwa maana ukipima kwa saa ya mbio utachagua gari moja, na ukipima kwa picha ya ukutani utachagua jingine. Neno gran turismo lina maana ya safari. Mwaka 1964 Waitaliano walikamilisha Autostrada del Sole, barabara kuu ya kutoka Milano hadi Napoli, zaidi ya kilomita 750. Ni kama Dar es Salaam hadi Mbeya ukipunguza kidogo. Gari la gran turismo ni lile linaloondoka Milano asubuhi likiwa na watu wanne na mizigo yao, likafika Napoli jioni, na dereva akashuka akiwa bado na hamu ya kula na kuzungumza. Hicho ndicho kipimo changu. Kwa kipimo hicho Fiat 130 Coupé inayaacha mengine mbali, na ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Hukumu nimeitoa mapema ili usome yanayofuata ukijua nimesimama wapi.

Takwimu za kushika mkononi:

Fiat Dino Coupé (1967 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970): V6 ya cc 1,987 yenye nguvu za farasi 160, kisha cc 2,418 yenye 180. Urefu mita 4.5. Bodi ya Bertone.

Alfa Romeo Montreal (1970 hadi 1977): V8 ya cc 2,593, nguvu za farasi 200. Urefu mita 4.2. Bodi ya Bertone.

Fiat 130 Coupé (1971 hadi 1977): V6 ya cc 3,235, nguvu za farasi 165. Urefu mita 4.8. Bodi ya Pininfarina.

Ukisoma takwimu peke yake, 130 ndiyo nzito, ndefu na yenye farasi wachache kwa kila lita. Soko lilisoma hivyo hivyo.

Dino: injini iliyotafutiwa gari

Mwaka 1965 Enzo Ferrari alikuwa na tatizo la hesabu. Kanuni mpya za Formula 2, zilizokuwa zianze 1967, zilidai injini ya mashindano itokane na injini iliyotengenezwa kwa magari ya barabarani yasiyopungua 500 ndani ya mwaka mmoja. Injini nzuri alikuwa nayo: V6 yenye jina la mwanawe Alfredo, Dino kwa wapendwa wake, aliyefariki mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 24. Vittorio Jano, mzee wa injini za mbio, alikuwa na mkono wake ndani ya kazi hiyo. Kilichokosekana Maranello, kwenye kiwanda cha Ferrari, ni uwezo wa kuzitengeneza 500 kwa haraka. Fiat wao uwezo walikuwa nao wa kumwaga. Wakakubaliana Fiat itengeneze injini na kuiweka ndani ya gari lake yenyewe, na Ferrari apate idadi yake.

Aliyepewa kazi ya kuifundisha injini hiyo adabu ya barabarani ni Aurelio Lampredi. Mshike jina, tutakutana naye tena. Huyu aliwahi kuwa mhandisi wa Ferrari, na injini zake za silinda nne ndizo zilizompa Alberto Ascari ubingwa wa dunia wa 1952 na 1953, kabla hajahamia Fiat. Injini aliyoipokea ilikuwa na pembe ya digrii 65 badala ya 60 zilizozoeleka kwa V6, kemshafti nne (fito zinazofungua valvu) zinazoendeshwa kwa cheni, na kabureta tatu za Weber. Akaiwezesha kuwaka asubuhi ya baridi na kuvumilia foleni ya mjini. Uwashaji wa plagi ulipewa mfumo wa elektroniki wa Magneti Marelli uitwao Dinoplex, jambo geni sana kwa gari la kuuzwa dukani miaka hiyo.

Pininfarina alitengeneza Dino Spider ya wazi, iliyoonyeshwa Torino mwishoni mwa 1966. Bertone akaja na Coupé kwenye maonyesho ya Geneva mwaka 1967, umbali kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ukiwa umerefushwa kwa sentimita 27 ili watu wa nyuma wapate pa kuweka miguu. Leo Spider inauzwa kwa bei inayoizidi Coupé mara kadhaa, ingawa injini ni ile ile na Coupé ndiyo inayobeba familia. Kama kuna dhuluma katika soko la magari ya kale, hii ni mojawapo, na mnunuzi makini huipokea kwa shukrani.

Zilitengenezwa Coupé 6,068 kwa jumla, nyingi zikiwa za lita 2. Ukiwa na hiari chukua ya lita 2.4, iliyoanza mwishoni mwa 1969. Ya kwanza ina ekseli ngumu nyuma juu ya springi za vyuma bapa, na kwenye barabara yenye makunyanzi nyuma hurukaruka. Ya 2.4 ilipewa mfumo wa nyuma ambao kila gurudumu linajitegemea, uliotolewa kwenye Fiat 130 (zingatia hilo), pamoja na gia tano za ZF, kampuni ya Kijerumani, na bloku ya chuma badala ya alumini. Zaidi ya hapo, Dino za 2.4 ziliunganishwa Maranello kwenyewe, jirani na Dino 246 GT za Ferrari. Ukipenda kujisifu mbele ya wageni, ni kweli kabisa kwamba gari lako lenye nembo ya Fiat lilitoka mlango wa Ferrari.

Nyuma ya usukani, Dino haipendi kubembelezwa. Ya lita 2 hutoa nguvu zake zote ikiwa imefika mizunguko 7,200 kwa dakika. Chini ya 3,000 hunung'unika tu. Ukiikamua huimba kwa namna ambayo injini mbili nilizobakiza haziwezi. Wakenya wenye umri wanaijua sauti hiyo bila kujua wanaijua: V6 hiyo hiyo ya lita 2.4 ndiyo iliyokuwa mgongoni mwa Lancia Stratos. Katika Safari Rally ya 1975 Sandro Munari na Björn Waldegård walimaliza wa pili na wa tatu na Stratos zao, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Stratos ilitwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 1974 hadi 1976, lakini Safari haikuishinda kamwe.

Utukufu huo una gharama yake kwa mnunuzi wa leo. Kwa miaka mingi Dino Coupé nyingi zilichinjwa kwa ajili ya injini, zikapelekwa kwenye Ferrari Dino zilizoharibika au kwenye nakala za Stratos. Kwa hiyo kitu cha kwanza kukagua ni kama injini iliyomo ni ya gari hilo. Na ikifika siku ya kuifungua, fundi atakuandikia bili akimfikiria Enzo, si bibi kizee mwenye Fiat 127. Kwenye safari ya Napoli, Dino itakufikisha ukiwa umefurahi sana na masikio yanavuma. Watu wawili wa nyuma watakaa vizuri kuliko unavyotarajia, mradi wasiwe warefu.

Montreal: picha iliyopewa magurudumu

Alfa Romeo walialikwa kuonyesha kazi yao kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1967 huko Montreal, Kanada. Marcello Gandini wa Bertone, kijana aliyekuwa ametoka kuichora Lamborghini Miura, akachora magari mawili ya maonyesho. Chini ya boneti yalikuwa na injini ndogo ya lita 1.6 ya Giulia, gari la kawaida la Alfa, maana kazi yao ilikuwa kutazamwa. Watu wakatazama, wakauliza linauzwa lini, na Alfa wakajikuta na deni la kulipa.

Walilipa kwa V8. Injini hiyo ilitokana na ile ya magari ya mbio ya Tipo 33, ikakuzwa hadi cc 2,593, ikapewa mfumo wa kuingiza mafuta wa SPICA unaofanya kazi kwa mitambo mitupu, na oili yake hukaa katika tangi la pembeni badala ya sampu ya chini, kama kwenye gari la mashindano. Gia ni ZF ya hatua tano, gia ya kwanza ikiwa upande wa kushoto chini. Gari kamili likaonyeshwa Geneva mwaka 1970, na hadi 1977 zikatoka takriban 3,900. Cha kuchekesha ni kwamba halikuuzwa rasmi Kanada wala Marekani, kwa sababu halikufanyiwa marekebisho ya kukidhi sheria za moshi za huko. Mji uliolipa jina haukupata hata duka la kuliuza.

Umbo lake halina mpinzani hapa. Mbele kuna vifuniko vyenye mapezi vinavyokaa nusu juu ya taa kama kope za mtu aliyeamshwa mapema, na ukiwasha taa vinashuka. Nyuma ya mlango kuna matundu sita yaliyopangwa kama mbavu. Lakini Montreal ina uongo kidogo usoni: tundu la hewa lililochorwa katikati ya boneti limezibwa, halipitishi kitu. Chini ya bodi ya Gandini kuna chasisi ya Giulia GT yenye ekseli ngumu nyuma, muundo ambao msingi wake ni wa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ni chasisi nzuri sana kwa injini ya silinda nne. Ukiipachika V8 yenye nguvu za farasi 200, gari huinamisha bega kwenye kona na kuinua pua ukikanyaga mafuta. Kwenye barabara iliyonyooka hufika kilomita 220 kwa saa bila mbwembwe. Kwenye milima unalazimika kuliheshimu.

Viti vya nyuma ni pa kuwekea koti. Buti nalo ni jembamba. Kwa kipimo cha Napoli, Montreal ni ya watu wawili wanaopendana na wasiobeba mengi.

Na pampu ya SPICA ndiyo itakayoamua kama utalipenda gari hili au utalichukia. Ikiwa imepimwa vizuri na mtu anayeijua, injini huvuta laini kama hariri na kuitika papo hapo. Ikiwa imeguswa na fundi aliyezoea kabureta tu, gari litakunywa mafuta, litatoa moshi mweusi, na kila mtu atakushauri ulifunge Weber. Usikubali. Tafuta kwanza fundi wa SPICA aliye karibu nawe, kisha ndipo utafute gari. Faraja ni kwamba breki, bushi na sehemu nyingi za chini ni za ukoo wa Giulia, na spea zake bado zinatengenezwa na kuuzwa kote Ulaya.

130: gari lililokosa jina

Turudi kwa Lampredi. Miaka michache baada ya Dino aliunda V6 nyingine kwa ajili ya gari kubwa la Fiat, 130 ya milango minne, iliyotoka Geneva mwaka 1969. Wauzaji wengi watakuambia injini ya 130 ni ya Dino iliyopanuliwa. Si kweli, na muuzaji anayesema hivyo ama hajui ama anakufanya hujui. Injini ya 130 ni kazi nyingine kabisa: pembe ya digrii 60, kemshafti moja kila upande, mkanda badala ya cheni, karibu zaidi kimawazo na injini ndogo ya Fiat 128 kuliko na kitu chochote cha Maranello. Ilianza na cc 2,866, ikakuzwa hadi 3,235. Haiimbi. Inavuta tu, kuanzia chini kabisa, kimya kimya, na kwenye safari ya kilomita 700 hilo ndilo unalolitaka.

Gari la milango minne lilionekana zito na la kiserikali. Ndipo Pininfarina alipopewa kazi ya kulivika upya kwa milango miwili, na kalamu ikashikwa na Paolo Martin, yule yule aliyekuwa amemaliza Ferrari Modulo ya maonyesho ya 1970 na ambaye baadaye alichora Rolls-Royce Camargue. Alichokifanya kwenye 130 nadhani ndicho kilele cha Pininfarina wa miaka ya 1970. Mistari imenyooka kutoka taa hadi taa. Vioo ni vikubwa na nguzo ni nyembamba, ukikaa ndani unaona nje pande zote. Hakuna mbavu, hakuna kope, hakuna tundu la uongo. Wakati wengine wakiongeza mapambo, yeye alipunguza, akaacha uwiano ufanye kazi. Picha hazilitendei haki, maana kwenye picha huoni ukubwa wake. Likisimama kando ya Montreal, ile Montreal huanza kuonekana kama kijana aliyevaa sana kwenda kwenye mahojiano ya kazi.

Ndani kuna viti vya kitambaa laini cha veluri, mbao kwenye milango, vioo vya umeme, na kitu kidogo ninachokipenda kuliko vyote: wenzo upande wa dereva unaomwezesha kumfungulia abiria mlango bila kujinyoosha. Mtu aliyefikiria wenzo huo alikuwa akifikiria safari ya watu wawili na mvua inanyesha. Nyuma wanakaa watu wazima wawili, kwa raha, na buti linameza masanduku yao. Magurudumu yote manne yanajitegemea. Gari la kawaida lilikuja na gia otomatiki ya hatua tatu ya Borg-Warner, na aliyetaka aliweza kuagiza ZF ya gia tano. Kasi ya juu ni karibu kilomita 190 kwa saa, pungufu ya wenzake wawili, lakini mwendo wake wa siku nzima ni wa juu kuliko wao kwa sababu dereva hachoki.

Kwa nini basi halikuuzwa? Zilitoka karibu 4,500 tu katika miaka sita. Sababu iko puani: nembo. Bei ilikuwa ya Mercedes na Jaguar, na duka lililoliuza ndilo hilo hilo lililouza Fiat 500 na 127 kwa walimu na wauguzi. Msomaji aliyekulia kando ya barabara ya Tanzania na Zambia ataelewa haraka, kwa kuwa kwake Fiat ni lori, lile lililoshusha shaba ya Zambia hadi bandari ya Dar es Salaam na kupandisha mafuta. Mwambie Fiat waliwahi kutengeneza gari la kushindana na Jaguar, atacheka kwanza. Wahenga walisema chema chajiuza. Hawakuiona 130 ikipata vumbi dirishani.

Kwa mnunuzi wa leo nembo hiyo hiyo ndiyo inayoshusha bei. Kati ya magari haya matatu, 130 ndiyo ya bei ya chini, ikifuatiwa na Dino, na Montreal mara nyingi huwa juu kwa sababu ya sura yake.

Kutu na spea: hapa ndipo pesa inapokwenda

Yote matatu yanaoza. Chuma cha Italia cha miaka hiyo hakikupewa kinga ya maana, na maji hujikusanya pale pale kila mara: chini ya milango, sakafuni, kwenye mapaja ya mbele, kwenye ukingo wa chini wa kioo cha mbele na kuzunguka kioo cha nyuma. Usitosheke na rangi inayong'aa. Inua zulia. Bonyeza kwa kidole kizingiti cha mlango kwa chini. Pitisha sumaku, na ikikataa kushika mahali, ujue unanunua puti badala ya chuma.

Ugonjwa ni mmoja, tiba si moja. Kwa Montreal, chini utasaidiwa na ukoo wa Giulia, ingawa bodi ya juu ni yake peke yake. Kwa Dino, spea za injini zipo kwa sababu ya Ferrari na Stratos, na zinauzwa kwa bei ya hao. Taa, vipande vya kromu na vioo vya Coupé ndivyo vitakavyokuhangaisha. Kwa 130 hali imegeuka. Injini na gia si mzigo mkubwa: injini ni ya milango minne, iliyotengenezwa karibu 15,000, na gia za Borg-Warner zilitumika kwenye magari mengi ya Uingereza, mafundi wake wapo. Lakini kitu chochote kinachoonekana kwa macho, taa, kitambaa, plastiki ya dashibodi, utepe wa mlango, kilitengenezwa kwa ajili ya gari hilo tu na hakitengenezwi tena. Gari la 130 lililokosa taa moja ya mbele linaweza kukaa gereji mwaka mzima likiisubiri.

Kwenye 130 pia uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na usiridhike na jibu la mdomo, taka karatasi. Gari lililokaa miaka mingi bila kutembea, mkanda wake umezeeka hata kama kilomita hazijasogea. Kwenye Dino sikiliza cheni injini ikiwa baridi. Kwenye Montreal angalia oili ikiwa moto, kwa sababu tangi la pembeni likipimwa injini ikiwa baridi linadanganya, na wapo waliojaza kupita kiasi kwa kutojua hilo.

Uko wapi wewe?

Pahali unapoishi panaamua zaidi ya unavyodhani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane kwa njia ya kawaida, wala la usukani wa kushoto, kwa hiyo mipango hii inawahusu zaidi Waswahili walioko Ulaya, Ghuba na Marekani. Uingereza gari likitimiza miaka 40 husamehewa kodi ya barabara. Ujerumani likifika 30, na likiwa katika hali nzuri ya asili, hupata namba zenye herufi H, za magari ya kale. Marekani sheria ya shirikisho huliruhusu kuingia likiwa na miaka 25, na magari haya yote yameshapita umri huo kwa mbali.

Mkazi wa Uingereza anayetaka usukani wa kulia ajue kwamba Dino zote zilitoka na usukani wa kushoto. Ukioneshwa ya kulia, imebadilishwa na mtu. Montreal za kulia zipo ila ni chache sana. 130 za kulia ziliuzwa Uingereza rasmi, na zinapatikana kwa mwenye subira. Aliyeko Muscat au Dubai afikirie joto kabla ya uzuri: V8 ya Montreal imebanwa ndani ya boneti fupi, na mwezi wa Julai itamtoa jasho yeye na rejeta yake. 130 yenye kiyoyozi, ambacho kilikuwa cha kuagiza, inavumilika zaidi.

Kama unachotaka ni kuamka Jumapili, kwenda mlimani peke yako na kurudi kabla ya chakula cha mchana, nunua Dino ya 2.4 na usinisikilize tena kuhusu 130. Kama gari lako litasimama zaidi kuliko litakavyotembea, na hilo si dhambi, Montreal itakulipa kila unapofungua mlango wa gereji. Lakini mwenye mume au mke, watoto wawili na ndugu walioko mji mwingine, mimi namwelekeza kwenye 130 bila kusita.

Akienda kuitafuta atakutana na kishawishi kimoja. Zenye gia za mkono ni chache na zinasifiwa sana, na wauzaji hupandisha bei kwa sababu hiyo. Zikisimama mbili mbele yako, moja ya ZF yenye veluri iliyochanika na taa iliyopasuka, nyingine otomatiki iliyotimia ndani na nje, chukua otomatiki. Sanduku la ZF ukilitaka baadaye unaweza kulipata kutoka kwenye gari bovu. Taa ya 130 Coupé utaitafuta hadi ujue majina ya watoto wa kila mwenye stoo ya spea Torino.